Kuisoma Ensaiklopidia Yote, A Hadi Z: Jibu kwa Mwalimu wa Wete

Mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari huko Wete, Pemba, anatuuliza hivi: amepata seti ya ensaiklopidia ya World Book ya mwaka 1988, juzuu 22, ila juzuu ya M imepotea. Ameazimia kuisoma yote, ukurasa baada ya ukurasa, na kila siku ya skuli awabandikie wanafunzi ubaoni jambo moja la ajabu alilolikuta. Anataka kujua itamchukua muda gani, atunze vipi anayoyasoma yasimpotee, atajuaje kama lililoandikwa 1988 bado ni kweli, na pengo la M alizibe vipi.

Waalaykum salaam, Mwalimu. Tuanze na hesabu, maana wengi huanza na hamu, hesabu wakaikuta njiani, na hapo ndipo seti inaporudi kabatini.

Seti yenu ina kurasa zipatazo 14,000. Ukitoa juzuu ya 22, ambayo ni faharasa, na M isiyokuwepo, chukulia umebakiwa na 12,500. Sasa pima kasi yako mwenyewe, usiazime ya mtu. Fungua kurasa tatu katika juzuu tofauti: moja iliyojaa maandishi, moja yenye picha kubwa, moja ya wastani. Hesabu maneno ya mistari kumi, gawa kwa kumi, zidisha kwa idadi ya mistari ya safu, kisha kwa safu mbili. Tuseme umepata maneno 8 kwa mstari, mistari 60, safu mbili: 960. Picha na ramani zikila theluthi, yanabaki 640. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili, tena kwa kuelewa, chukua maneno 150 kwa dakika. Ukurasa basi ni dakika nne na kitu, na kurasa kumi ni dakika 43 hivi.

Kurasa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, Ijumaa umepumzika na Ramadhani umesimamisha: unapata siku kama 288 kwa mwaka. Kurasa 12,500 ni siku 1,250, yaani miaka minne na miezi minne. Mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza leo atakuwa keshamaliza cha Nne kabla yako. Si muda wa ajabu. Mmarekani Amos Urban Shirk alisoma toleo la 11 la ensaiklopidia ya Britannica, lile la juzuu 29 lililotoka 1910 na 1911, kwa miaka minne na nusu, naye akiketi kama saa tatu kila usiku.

Utashawishika kuongeza hadi kurasa 20. Usifanye hivyo mwaka wa kwanza. Macho yatamudu, daftari halitamudu, na bila daftari hutakuwa na cha kubandika ubaoni. Anza Mfunguo Mosi, upate miezi kumi na moja mfululizo kabla ya kusimama. Tabia ikishakaa muda huo, mapumziko ya mwezi mmoja hayaivunji.

Kuchoka utachoka. C na S zimegawiwa juzuu mbili mbili, na ukiwa katikati ya C mwisho hauonekani kabisa. Hata waliotunga walichoka. Toleo la kwanza la Britannica, lililotoka Edinburgh kati ya 1768 na 1771, lina juzuu tatu: ya kwanza ni A na B tu, ya pili C hadi L, ya tatu imebebeshwa M hadi Z zote. Kidahizo, yaani neno linaloanzisha makala, cha mwanamke, kilichoangukia humo mwishoni, kinasema tu kwamba ni jike la mtu, kisha kinakwambia utazame Homo, yaani binadamu kwa Kilatini. Na hapa kwetu Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alianza kuchapa katika mtambo wake wa Unguja Qamus al-Sharia ya Jumayyil bin Khamis al-Saadi, ensaiklopidia ya Kiibadhi ya juzuu 90. Haikumalizika kuchapwa.

Kwa hiyo jiwekee mapema kanuni ya kuruka, ili usiruke kwa uvivu. World Book ni kitabu cha Wamarekani: majimbo yao yote 50 yana makala ndefu zenye majedwali ya mazao, magavana na mbuga. Hapo soma utangulizi, maelezo ya picha na sehemu ya historia, majedwali yapite. Kwengine kote soma neno kwa neno. Makala ndefu za seti hii huanza kwa lugha nyepesi na kuzidi ugumu kadiri zinavyoendelea, kwa hiyo ukikwama robo ya mwisho ya makala ya fizikia, weka alama ya penseli uendelee. Na rejea za mwisho wa makala usizifuate siku hiyo hiyo. Ziandike pembeni. Anayefuata rejea huwa keshaacha kusoma A hadi Z, anatangatanga, na baada ya wiki hajui ni kurasa zipi alizokwishapita.

Kabla hujagusa A, soma kwanza makala nne au tano za mambo unayoyajua kuliko aliyeyaandika: Zanzibar, Tanzania, Swahili, Coconut, Clove. Unazisoma kuipima ensaiklopidia yenyewe. Chukua karafuu. Je, inasema kuwa ni tumba la ua linalochumwa kabla halijachanua? Inataja makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika matumba hayo, au inadhani mti mzima ni karafuu tupu? Inajua kuwa mbichi ikianikwa hupoteza kama theluthi mbili za uzito wake? Inaeleza kwa nini Pemba ndiyo yenye mikarafuu mingi, yaani kimbunga cha 1872 kilichoiangusha ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama? Ikipata matatu kati ya manne, una kitabu cha kuaminika kiasi, na sasa unajua kosa lake huwa la namna gani: la kuacha, au la kusema uongo. La kuacha linavumilika.

Kuhusu kuyanasa hayo ya ajabu, wengi hudhani yamo ndani ya makala, kama kokwa ndani ya embe. Mengi yamo mpakani, pale makala mbili zinapogusana. Ensaiklopidia za kale hazikupangwa kwa herufi. Rasaili 52 za Ikhwan al-Safa, kundi la wanazuoni wa Basra, za karne ya 10, huanza na elimu ya namba, zikapita kwenye maumbile, kisha nafsi na akili, zikamalizikia kwenye mambo ya dini. Kitabu cha namna hiyo hukushika mkono. Herufi haikushiki mkono, inakukalisha tu jirani na usiyemjua.

Tazama jirani wa karafuu. Katika ensaiklopidia ya Kiingereza, Clove hufuatwa na Clover, kisha Clovis. Neno clove kwa Kiingereza linatokana na neno la Kilatini la msumari, kwa umbo lake. Letu karafuu limetoka kwenye Kiarabu, qaranful, wala halina habari na msumari. Clover, yaani klova, haihusiani na karafuu hata kidogo: ni jani la malisho la jamii ya kunde, na kama kunde mizizi yake hufuga bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani. Klova nyekundu ilipopelekwa New Zealand iliota vizuri ila ikawa haizai mbegu za maana, mpaka 1885 walipopelekwa kutoka Uingereza nyuki wale wakubwa wenye manyoya, ambao ulimi wao unafika chini ya ua lake. Clovis ni mfalme wa Wafaranki aliyefariki mwaka 511, na jina lake ndilo lililokuja kuwa Louis, walilolibeba wafalme wa Ufaransa mmoja baada ya mwengine. Clovis huyo huyo ana somo wake, mji wa New Mexico, Marekani, ambako ziligunduliwa ncha za mikuki za mawe zenye umri wa miaka kama 13,000. Msumari, nyuki, mfalme na mkuki, vyote ndani ya vidahizo vitatu. Aliyetafuta karafuu peke yake kwenye simu angepata karafuu peke yake.

Mpaka mwengine wa kuvizia ni pale kwenu mnapotajwa pasipotarajiwa. Ukifika H, isome Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza iliwapa Wajerumani kisiwa hicho, nao Wajerumani wakakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Hapa kuna ajabu na kuna mtego: husemwa mara nyingi kwamba Zanzibar ilibadilishwa kwa Heligoland. Haikubadilishwa, kwa sababu Wajerumani hawakuwa nayo. Walichotoa ni kukubali. Habari inayovutia kwa sababu imepindwa kidogo ndiyo itakayokusumbua kuliko ya uongo mtupu.

Sasa daftari. Nunua kaunta buku lenye mistari, ulipige safu tano: kidahizo na juzuu, jambo lenyewe kwa Kiswahili na kwa maneno yako, namba na mwaka wake, swali linalozuka, hali. Kuandika kwa Kiswahili si mapambo. Sentensi ya Kiingereza unaweza kuinakili bila kuielewa, lakini huwezi kuitafsiri bila kuielewa. Mfano wa mstari mmoja:

Aardvark, juz. A. Ni muhanga. Jina la Kiingereza wamelichukua kwa Makaburu, maana yake nguruwe wa ardhi. Hula mchwa na sisimizi. Meno yake hayana enameli. Kila jino ni fungu la mirija myembamba. Namba: spishi 1, ndiye pekee aliyebaki katika oda yake. Swali: kwa nini lugha yetu ina jina lake hali visiwani hayupo? Hali: bado.

Mambo matatu kwa siku, yasizidi. Ukiyaruhusu kumi, mwezi wa pili utakuwa na mistari mia mbili na hamsini usiyotaka kuisoma tena. Usiku huo huo funga kitabu uyaseme kwa mdomo; baada ya siku saba funika safu ya pili uyakumbuke kwa kidahizo tu; baada ya mwezi rudia. Ubaoni bandika lile tu lililodumu siku saba. Lililokutoka kichwani wewe mwenyewe litawatoka na wanafunzi.

Safu ya mwisho, ile ya hali, ndiyo jibu la swali lako la tatu, na hapa inafaa tukae kidogo.

Mambo ya kitabu cha 1988 yapange mafungu matatu. La kwanza halizeeki kirahisi: usuli wa maneno, maumbile ya meno ya muhanga, tarehe za vita. La pili limezeeka kwa yakini: idadi za watu, mipaka, orodha za nchi, rekodi. Kitabu chenu kinaijua Umoja wa Kisovyeti ikiwa hai na Ujerumani zikiwa mbili, na Pluto kwake ni sayari ya tisa, cheo ilichovuliwa Agosti 2006. Idadi ya watu wa Zanzibar kama wameitoa kwenye sensa, basi ni ya 1978 au ya nyuma yake. Mwaka huo tulikuwa 476,111. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Namba kama hizo usizitupe. Ziandike na mwaka wake, kisha weka ya sasa ubavuni. Tofauti baina ya hizo mbili mara nyingi ni ajabu kubwa kuliko kila moja peke yake.

Fungu la tatu ndilo la hatari, nalo ni kila sentensi yenye “pekee”, “wa kwanza”, “kubwa kuliko yote”, “fupi kuliko zote”. Hizo zitie nyota. Chukua vita vya hapa hapa, vya Waingereza na Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, vinavyosemwa kuwa vifupi kuliko vyote. Kitabu hiki kitakwambia dakika 38, kile 40, chengine 45. Muhula waliotoa Waingereza uliisha saa tatu asubuhi, mizinga ikaanza dakika mbili baadaye. Tofauti iko mwishoni, kwamba unahesabu mpaka lini. Andika “kati ya dakika 38 na 45” na sababu yake. Wanafunzi watajifunza zaidi kwenye sababu.

Kuhakiki maana yake ni chanzo cha pili kisichomtegemea wa kwanza. Tovuti tano zinazosema jambo moja kwa maneno yale yale ni chanzo kimoja. Toleo la 11 la Britannica limetoka katika hakimiliki na linapatikana bure kwenye intaneti. Ni zuri kwa historia ya Ulaya na ufundi wa zamani, ila makala zake kuhusu Waafrika zimejaa dharau za rangi, msiwape watoto bila maelezo. Na msomaji wa A hadi Z ajue kuwa wahariri nao huchimba mashimo. Ensaiklopidia ya New Columbia ya 1975 ina maisha ya mpiga picha Lillian Virginia Mountweazel, aliyekufa kwa mripuko akiwa kazini kwa jarida la Combustibles, yaani vitu vinavyowaka. Hakuwahi kuwepo, alibuniwa kama mtego kwa wanaonakili. Kamusi moja ya muziki ya 1903 ilimalizika kwa neno zzxjoanw, eti ngoma ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand. Lilipita kwa miaka zaidi ya sabini ndipo likafichuliwa, ingawa herufi z, x na j Kimaori hakina. Kipimo kile cha karafuu ndicho kingelikamata siku ya kwanza: kumuuliza anayejua.

Mawili kuhusu vitabu vyenyewe, maana Pemba si mahali pema pa karatasi. World Book imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa; ikirowa na kukauka ikiwa imefungwa, kurasa hugandana na ukizibandua zinatoka na maandishi. Juzuu iliyorowa isimamishe imefunguka kidogo kivulini penye upepo, na kila kurasa chache tia karatasi nyeupe, uibadilishe inapolowa. Usianike juani. Kabati liwe mbali na ukuta kama upana wa kiganja, rafu ya chini isiguse sakafu, na miguu ikae ndani ya vikopo vyenye maji kuwazuia mchwa. Wakati wa masika zipekue juzuu kila wiki. Wakati wa kusoma, juzuu nzito kama hizi zikae kwenye marufaa au mto. Ukizilaza wazi mezani, uti wa kitabu unavunjika kabla hujafika D.

Na M. Usisubiri ipatikane, na wala usiiruke kimya. Chukua juzuu ya 22. Kila mada humo imefuatwa na herufi ya juzuu na namba ya ukurasa. Pita na penseli, ukusanye vidahizo vinavyoanza na M na kuelekezwa M. Mwisho wake utakuwa na ramani ya juzuu usiyoiona, na kwa kutazama namba za kurasa utajua hata makala ipi ilikuwa ndefu na ipi mistari minne. Gawa orodha hiyo kwa siku, uisome kwengine: maktaba, Kamusi Elezo ya Kiswahili ya mtandaoni, au toleo lolote la jirani. Ukiuziwa M ya mwaka mwengine, ichukue, ila faharasa yako haitalingana nayo kwa kurasa, basi itumie kwa majina tu.

Kidahizo kimoja cha M kiandikeni wenyewe na wanafunzi: Monsoon. Neno hilo Waingereza wamelipata kupitia Wareno kutoka kwenye mawsim ya Kiarabu, ile ile iliyotupa sisi msimu. Wapelekeni bandarini wakaulize kaskazi inaingia lini na kusi lini, chombo gani kinakwenda wapi, na matlai ni wakati gani. Kurasa mbili, safu mbili, picha moja, na tarehe mliyoandika chini yake.